Themu za Linux: namna ya kuzikalisha GTK na Qt nyumba moja bila ngumi

Nina jirani anaedit video za harusi. Mashine yake ya Linux ina GNOME (desktopu, yaani ile sura yenye madirisha na menyu), na siku moja kaniita nikaone maajabu: kawasha modi ya giza, kila kitu kimependeza, isipokuwa Kdenlive, programu yake ya kuedit video, ambayo ikoni zake zimekuwa nyeusi juu ya weusi, huoni mkasi, huoni chochote, na jamaa alikuwa anaendelea kukata video kwa kukariri tu, "mkasi ni ule wa tatu kutoka kushoto". Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa, maana nilijua hilo sio tatizo la kubonyeza sehemu moja likaisha.

Watu wengi wakiona hivyo wanadhani ni hitilafu, wanafuta mfumo mzima na kuweka distro (aina ya Linux) nyingine, kesho wanakutana na kitu kilekile kikiwa kimevaa nguo tofauti. Sio hitilafu jamani, ni ugomvi wa karibu miaka 30, na usipoujua utakuwa unakopi amri mtandaoni bila kuelewa kwa nini hii inafanya kazi na hii haifanyi. Kwaiyo nianze na ugomvi wenyewe kidogo, hatua zinakuja.

UGOMVI ULIANZIA WAPI

Programu yenye madirisha haichori vitufe vyake yenyewe. Inachukua kutoka kwenye tulkiti, yaani kapu la vifaa lenye vitufe, menyu, visanduku vya kuandikia na mengineyo. Linux ina makapu makubwa mawili. Mwaka 1996 Matthias Ettrich alianzisha desktopu ya KDE akatumia Qt, ya kampuni ya Trolltech ya Norway. Shida ni kwamba leseni ya Qt kipindi kile haikuwa huru, watu wakakasirika, na mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME wakachukua GTK, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP. Mwaka 2000 Qt ikatoka chini ya leseni huru ya GPL, yaani sababu ya kugombana ikaisha, lakini wapi, kila mmoja alishajenga nyumba na kuzaa watoto humo.

Huo ndo ugomvi wa kwanza. Wa pili ni wa ndani ya GTK yenyewe na ndo unaotuumiza zaidi sasa hivi. Zamani themu za GTK zilikuwa za kila mtu, unashusha, unabandika, umemaliza. Ila GTK 3 ilikuwa inabadilisha mambo ya CSS (lugha ya kupanga rangi na muonekano) kati ya toleo na toleo, toleo la 3.20 la mwaka 2016 liliua themu nyingi sana, na walioandika programu wakachoka kuletewa malalamiko ya vitufe visivyosomeka wakati kilichoviharibu ni themu ya distro, sio kodi (code) yao. Mwaka 2019 kundi la waandishi wa programu wakatoa barua ya wazi wakiziomba distro ziache kubadilisha muonekano wa programu zao kwa chaguo-msingi. Wengi hawakuisoma vizuri ile barua. Haikumkataza mtu wa kawaida kuchezea mashine yake, iliwalenga wanaosambaza mfumo kwa maelfu ya watu.

Halafu tarehe 31 Desemba 2021 ikatoka libadwaita 1.0, maktaba ya GNOME ya kujengea programu za GTK 4, na hapo mlango ukafungwa: programu iliyojengwa kwa libadwaita inakuja na sura yake, haisomi themu yako ya GTK kabisa. GNOME 42 ya Machi 2022 ikahamishia programu nyingi huko.

Wengine wakaenda njia zao. Kampuni ya System76 imeijenga desktopu yake ya COSMIC kwa lugha ya Rust na tulkiti ya iced, yaani kapu la tatu hilo. Linux Mint wao, kwenye Mint 22 ya mwaka 2024, walirudisha kikokotoo, kalenda, File Roller na nyingine kadhaa kwenye matoleo ya GTK 3 kwa sababu mapya hayafuati themu za Cinnamon, desktopu yao, na mwaka 2025 wakaja na libAdapta, ambayo ni libadwaita iliyotolewa kufuli.

Mimi ukiniuliza, waandishi wa programu nawaelewa, kuulizwa kila siku kosa ambalo sio lako kunachosha. Ila ule ubabe wa kufunga mlango bila kuacha hata dirisha sikuupenda. Anyway, mashine ni yako na unataka isomeke, twende.

KITU CHA KUKUBALI KABLA HUJAGUSA KIBODI

Vipo vitu vitano unavyoweza kuvifananisha kwenye mashine nzima ndani ya saa moja: giza au mwanga, rangi ya mkazo (ile ya kitufe kilichochaguliwa), fonti, ikoni na mshale wa mausi. Maumbo, yaani kona za dirisha, upana wa hedabari (ule ukanda wa juu wa dirisha) na mahali menyu ilipo, hayo achana nayo. Nimepoteza wikiendi nzima nyingi nikipigana na maumbo na kila apdeti ikija inanirudisha pale pale.

HATUA YA 1: jua uko wapi na programu inatoka kapu gani

Fungua terminali:

echo $XDG_CURRENT_DESKTOP $XDG_SESSION_TYPE

Itakwambia kama ni GNOME, KDE au nyingine, na kama uko Wayland au X11, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye skrini. Halafu ichukue ile programu inayokusumbua:

ldd $(which gnome-calculator) | grep -iE 'gtk|adwaita|qt'

Ukiona libgtk-3, hiyo inafuata themu. Ukiona libgtk-4 peke yake bila adwaita, nayo bado inafuata. Ukiona libadwaita usihangaike na themu, hiyo utaibadilisha kwa njia nyingine. Ukiona libQt5 au libQt6 uko upande wa pili wa mto. Hii amri haisaidii kwa programu za Python maana faili lake ni maandishi matupu, na kwa Flatpak (programu zinazokuja ndani ya boksi lake) tumia flatpak info ikifuatiwa na jina la programu, uangalie mstari wa Runtime: org.gnome.Platform au org.kde.Platform. Ndo jibu lenyewe hilo.

Usiiruke hii hatua. Nusu ya maswali ninayoulizwa ni ya mtu anayebadilisha themu ya GTK akitegemea VLC ibadilike, wakati VLC ni Qt.

HATUA YA 2: toa uchafu wa zamani

Hii ndo hatua ambayo miongozo mingi haiisemi. Ukishawahi kujaribu KDE kwenye akaunti hiyohiyo halafu ukarudi GNOME, KDE ilikuachia zawadi. Huwa inaandika mafaili ndani ya ~/.config/gtk-3.0 na ~/.config/gtk-4.0, pamoja na gtk.css, ili programu za GTK zifanane na Breeze, themu ya KDE. Nia nzuri kabisa, sema mafaili yanabaki baada ya wewe kuhama, na libadwaita ambayo haisomi themu, gtk.css ya kwenye hiyo folda inaisoma. Basi unakuta kikokotoo kina vitufe vya ajabu na hujui vimetoka wapi.

Usifute, hamisha:

mv ~/.config/gtk-3.0 ~/.config/gtk-3.0.zamani
mv ~/.config/gtk-4.0 ~/.config/gtk-4.0.zamani

Angalizo: alama ulizoweka pembeni kwenye kidhibiti faili, zile folda za haraka, huwa zinakaa ndani ya gtk-3.0 kwenye faili la bookmarks, kwaiyo lirudishe hilo moja kama unalihitaji.

Pia angalia kama kuna siku uliweka GTK_THEME kwenye ~/.profile, ~/.bashrc au /etc/environment:

grep -n GTK_THEME ~/.profile ~/.bashrc /etc/environment

Kama ipo, itoe. Ile kitu iliwekwa kwa ajili ya kujaribu, sio ya kuishi nayo, inalazimisha themu moja kwa kila kitu hadi kwa programu ambazo hazikuandikwa kuipokea. Ukitaka kujaribu programu moja sawa, iweke mbele ya amri ya kufungulia hiyo programu tu. Toka kwenye akaunti, ingia tena, ndo uendelee.

HATUA YA 3, KAMA NYUMBA YAKO NI GNOME

Anza na giza:

gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme 'prefer-dark'

Hii inapita kwenye kitu kinaitwa portal, ni kama karani wa katikati, programu inamuuliza "mwenye nyumba anapenda giza au mwanga?" na karani anajibu kwa namba tu: 0 hajasema, 1 giza, 2 mwanga. Ni kitu kidogo lakini ni moja ya sehemu chache GNOME, KDE na wengine walikaa meza moja wakaelewana, ndo maana hata Firefox na programu za Flatpak zinaitikia.

Programu za GTK 3 zitabaki na sura ya kizamani pembeni ya hizi mpya. Dawa yake ni adw-gtk3, themu iliyotengenezwa ili GTK 3 ifanane na libadwaita. Fedora:

sudo dnf install adw-gtk3-theme

Arch inaitwa adw-gtk-theme. Kwingine kama haipo kwenye hazina ya distro, shusha, ifungue ndani ya ~/.local/share/themes. Kisha:

gsettings set org.gnome.desktop.interface gtk-theme 'adw-gtk3-dark'

Umeona tulichofanya? Badala ya kuilazimisha libadwaita ifuate themu yako, unaileta GTK 3 kwa libadwaita. Unapungukiwa uhuru kidogo, ila usiku unalala.

Rangi ya mkazo, kuanzia GNOME 47 ya mwaka 2024, ipo kwenye setingi kabisa, au:

gsettings set org.gnome.desktop.interface accent-color 'teal'

Ikoni bado ziko huru, icon-theme inafanya kazi hata kwa libadwaita. Na kama unakerwa dirisha kuwa na kitufe cha kufunga peke yake, wageni wengi wa GNOME wanadhani mashine imeharibika:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout 'appmenu:minimize,maximize,close'

Unataka kubadilisha rangi za libadwaita zaidi ya hapo? Inawezekana, kwa kuandika mistari ndani ya ~/.config/gtk-4.0/gtk.css, mfano @define-color window_bg_color ikifuatiwa na rangi yako. Fanya ukijua hakuna aliyekuahidi kwamba itaendelea kufanya kazi toleo lijalo.

Sasa turudi kwa jirani na mkasi wake. Kdenlive ni ya familia ya KDE, inatumia Qt, na ndani ya GNOME haijui ichukue ikoni za wapi, inachukua za Breeze za kawaida ambazo zimechorwa kwa rangi nyeusi, zinakaa juu ya usuli mweusi, umekwisha. Weka qt5ct na qt6ct, programu za kuseti sura ya Qt 5 na Qt 6, pamoja na ikoni (amri hii ya apt ni ya Ubuntu, Debian na Mint):

sudo apt install qt5ct qt6ct breeze-icon-theme

Tengeneza faili ~/.config/environment.d/qt.conf lenye mstari mmoja:

QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt5ct

Usishangae jina, qt6ct nayo inalitambua neno qt5ct, kwaiyo mstari mmoja unatosha kwa zote mbili. Toka, ingia tena, fungua qt6ct, kwenye ikoni chagua breeze-dark, kwenye mtindo chagua Fusion (mtindo wa Qt yenyewe), chagua rangi za giza, weka na fonti ileile ya GNOME. Rudia kwenye qt5ct. Programu za Qt za kawaida zitatulia hapo hapo. Zile za KDE zenyewe ni wabishi, rangi zinasoma kwenye mafaili ya KDE, sio kwa qt6ct, ila nyingi zina sehemu ya kuchagua rangi ndani ya menyu yake ya Settings, na kwa Kdenlive tulichagua Breeze Dark hapo hapo. Tukaifunga, tukaifungua, mkasi huo. Na haukuwa wa tatu kutoka kushoto, jamaa siku zote alikuwa anabonyeza kitu kingine halafu anarudi nyuma kwa Ctrl+Z akidhani mashine ina uzito.

Kuna watu watakwambia weka Kvantum, injini ya themu za Qt. Nzuri, inapendeza, ina themu kibao, lakini ni kitu kingine tena cha kutunza. Kama lengo ni kusoma vitufe, Fusion inatosha.

HATUA YA 3, KAMA NYUMBA YAKO NI KDE

Huku ni rahisi, niseme ukweli. Nenda System Settings, sehemu ya rangi na themu, Application Style, utaona kitufe cha kuseti programu za GNOME/GTK. Chagua Breeze, umemaliza, KDE yenyewe inaandika mafaili, inapeleka fonti, ikoni na mshale, mpaka mpangilio wa vitufe vya dirisha inawapelekea GTK. Kama kile kitufe hakipo tafuta kifurushi cha kde-gtk-config.

Programu za libadwaita zitabaki na kona zake za mviringo na hedabari nene, ndo maumbo hayo nilisema achana nayo. Huu nao ni ugomvi unaojitegemea: KDE wanapenda desktopu ndo ichore fremu ya dirisha, GNOME wanataka programu ijichoree, na kwenye Wayland GNOME wamegoma kabisa kuweka ile itifaki ya kuelewana nani achore. Huwezi kuutatua ukiwa sebuleni kwako.

Mtego mmoja: ule mstari wa QT_QPA_PLATFORMTHEME wa huko juu ukiuacha halafu ukaingia Plasma (desktopu ya KDE), Plasma nayo itausoma na setingi zake za Qt zitaacha kushika. Environment.d haiulizi umeingia desktopu gani. Ukihama, utoe.

KAMA UKO CINNAMON AU XFCE

Fupi tu: tumia sehemu yao ya themu, kaa na programu walizokuchagulia wenyewe (Mint wana zao za XApps tangu 2016, kazi yake ndo hiyo), na ukiweka programu ya libadwaita jua ni mgeni, mpe kiti akae. Kwa Qt fuata ile njia ya qt5ct.

HATUA YA 4: Flatpak

Flatpak inaishi ndani ya boksi lake, folda yako ya themu haioni. Fonti na ikoni za mfumo inapewa, themu hapana. Kwa GTK 3 unaweka themu kama nyongeza:

flatpak install org.gtk.Gtk3theme.adw-gtk3 org.gtk.Gtk3theme.adw-gtk3-dark

Kama uliandika gtk.css yako na unataka iingie humo, ruhusu kusoma tu:

flatpak override --user --filesystem=xdg-config/gtk-4.0:ro

Ule ro mwishoni usisahau kuuandika. Na usifuate mtu anayekwambia ruhusu home yote, unavunja ukuta wa nyumba kwa sababu ya rangi ya pazia. Ukiharibu, flatpak override --user --reset inarudisha.

HATUA YA 5: dirisha la kuchagua faili

Watu wa KDE hii inawaumiza kila siku. Uko Firefox, unataka kupakia picha, linafunguka dirisha la GTK lisilo na folda zako za pembeni. Andika about:config, tafuta widget.use-xdg-desktop-portal.file-picker, weka 1. Sasa Firefox inamuomba yule karani, na karani anafungua dirisha la KDE. Hakikisha xdg-desktop-portal-kde ipo. Baadhi ya programu za GTK 3 zinakubali ukizifungua na GTK_USE_PORTAL=1 mbele, ila iweke kwa programu moja moja.

HATUA YA 6: mshale

Mshale unaobadilika ukubwa ukiingia dirisha jingine, kila mtu kauona. Kwenye GNOME weka cursor-theme na cursor-size kwa gsettings, halafu tengeneza ~/.icons/default/index.theme yenye mistari hii:

[Icon Theme]
Inherits=Adwaita

Badilisha Adwaita uweke jina la mshale wako. Programu ambazo hazijui kuuliza huwa zinaangukia kwenye hiyo default, kwaiyo ukiisema hapo zimeshikika zote.

VITU VYA KUTOPIGANA NAVYO

Programu za Electron, zinajichorea kama ukurasa wa wavuti, ukipata giza kwenye setingi zake shukuru. Programu za zamani za Java nazo vilevile. GTK 2 ukikutana nayo, itumie hivyo ilivyo.

UKIKWAMA

Kabla hujafuta mfumo, tengeneza akaunti mpya ya majaribio, ingia nayo, fungua ileile programu yenye tatizo. Ikionekana vizuri kule, basi kosa liko ndani ya ~/.config ya akaunti yako, rudi hatua ya 2 uangalie tena. Ikiwa mbaya hata kule, ni kifurushi kimekosekana kwenye mfumo, mara nyingi ni ikoni au portal, na hapo unaweka kimoja kimoja huku unaifungua upya programu kila baada ya kimoja, sio vitano kwa mpigo halafu hujui kipi kimetibu.